Naomba ushauri: meli imeondoka Bordeaux na nusu ya mzigo, nauli analipa nani?

Habari zenu wakuu. Nasoma sheria za bahari na nimekwama kwenye kesi ya mfano tuliyopewa darasani. Mwaka 1685 mfanyabiashara wa Bordeaux amekodi meli nzima kupeleka mvinyo Amsterdam. Siku za kupakia zimeisha, mapipa yaliyoletwa ni nusu tu. Nahodha, bila kumuuliza, anajaza ngama (sehemu ya meli ya kuwekea mzigo) kwa mapipa ya mtu mwingine, anang'oa nanga, kisha anamdai yule mfanyabiashara nauli yote.

Nimepitia Amri ya Bahari ya Ufaransa ya 1681, ya enzi za Mfalme Louis wa 14. Inasema aliyekodi asipofikisha kiasi cha mkataba analipa kana kwamba amepakia chote. Lakini pia, meli ikikodiwa nzima, nahodha haongezi mzigo bila ridhaa ya aliyekodi, wala bila kumhesabia aliyekodi nauli ya mzigo huo wa ziada. Naona hapa ndipo penye uzito, la sivyo nahodha atalipwa mara mbili kwa nafasi ileile.

Je, kukosa ridhaa kunaua dai lote au kunalipunguza tu? Na gharama za kupakia yale mapipa ya ziada zitolewe kwanza? Wazoefu wa mikataba ya meli, hata ya leo, nisaidieni tafadhali. Nawasilisha Ijumaa.