Naomba ushauri: jezi namba 7 nimpe mwenye kipaji au mwenye bidii?

Kocha Chipukizi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha vijana wa chini ya miaka 16 katika raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, na kabla msimu haujaanza lazima niamue nani awe hafubeki, yaani mvaa jezi namba 7 anayeongoza mashambulizi. Ninao vijana wawili wanaoitaka nafasi hiyo. Wa kwanza huuona upenyo kabla haujafunguka, hukwepa kwa mguu wowote ule, na pasi zake humkuta mwenzake akiwa tayari katika mbio. Mazoezini, hata hivyo, huja anapojisikia. Katika mechi yetu ya mwisho alipiga teke la kusifiwa baada ya kukabwa kwa mara ya tano, mpira ukadondoka pembeni kabisa karibu na mstari wa trai, pale pa kufungia pointi, kisha akasimama mikono kiunoni akilitazama teke lake mwenyewe huku fulubeki (mlinzi wa nyuma kabisa) wa wapinzani akiuokota mpira na kuurudisha hadi katikati ya uwanja.

Wa pili hutangulia kufika na huwa wa mwisho kuondoka, hukaba mpaka kipenga cha mwisho, lakini mpira ukimfikia husita kidogo kabla ya kuamua, na katika mchezo wetu kusita huko hukutanisha kifua chako na mabega ya watu wawili. Naomba kujua kwa waliowahi kuwalea wachezaji wa aina hizi: je, bidii inaweza kumpa huyu wa pili kile ambacho wa kwanza anaonekana kuzaliwa nacho?

Mkabaji Mstaafu:
Kocha, mpe wa pili bila kusitasita. Kila mara mshambuliaji anapokabwa na kuucheza mpira kwa mguu, safu ya ulinzi inatakiwa kurudi nyuma mita 10, kisha isonge mbele, ikabe, inyanyuke na kurudi tena, kwa dakika 80. Kipaji hakimsaidii mtu kurudi hizo mita 10 akiwa hoi. Nathan Hindmarsh wa klabu ya Parramatta aliifanya kazi hiyo hadi akawa mchezaji wa kwanza katika NRL, ligi kuu ya mchezo wetu kule Australia, kukaba zaidi ya mara 10,000, na hakuna aliyemtaja kuwa mchawi wa mpira.

Tena kwa nafasi hiyo hiyo unayoiulizia, mtazame Cooper Cronk. Pale Melbourne Storm alianza kama mchezaji wa kuziba mapengo, anayeingia kutoka benchi na kuchezeshwa popote, na uhafubeki alifundishwa na kuurudia mpaka ukamkaa. Baadaye alichukua tuzo ya Dally M, ya mchezaji bora wa msimu, mwaka 2013 na 2016.

Pasi ya Mgongoni:
Kwa heshima zote, Mstaafu, Hindmarsh alikuwa fowadi wa safu ya pili, mtu wa kazi za nguvu, na hapa anatafutwa hafubeki. Katika fainali ya NRL ya mwaka 2005, Benji Marshall wa Wests Tigers alikimbia na mpira kutoka ndani ya nusu yake ya uwanja, akakwepa, kisha akampasia Pat Richards kwa mkono uliopita nyuma ya mgongo, naye akafunga trai. Marshall alikuwa na umri wa miaka 20. Sijui ni zoezi gani lingemfundisha kijana kulifikiria jambo lile katika fainali, achilia mbali kuthubutu.

Hata hivyo nakubali kwamba hadithi yake haikuishia hapo. Mabega yalimsumbua sana, kasi ikapungua, akaenda raga ya wachezaji 15 na kurejea, na mwaka 2021 akiwa na miaka 36 alicheza fainali nyingine akiwa na South Sydney, ambayo Penrith waliishinda kwa 14 kwa 12. Hakudumu muda wote huo kwa kukwepa watu. Alijifunza kuusoma mchezo.

Mwalimu wa Viungo:
Kocha, kuna swali ambalo hukulijibu, nalo kwangu ndilo la kwanza: vijana hawa walizaliwa mwezi gani, na nani kati yao ameanza kubalehe mapema? Katika umri huo, watoto wawili wa kundi moja wanaweza kupishana karibu mwaka mzima kwa kalenda, na zaidi ya hapo kwa ukuaji wa mwili. Aliyetangulia kukua huwa na kasi na nguvu kuliko wenzake, wanaomkaba hubanduka, naye huonekana ana kipaji. Miaka miwili baadaye wenzake wanamfikia, na kwa kuwa hakuwahi kulazimika kufanya bidii, hana pa kukimbilia.

Kinyume chake pia hutokea. Johnathan Thurston alikataliwa na klabu kadhaa alipokuwa kijana kwa sababu alionekana mdogo mno wa mwili. Katika fainali ya mwaka 2015 teke lake la kuongeza pointi kutoka pembeni, ambalo lingeumaliza mchezo, liligonga mlingoti, na dakika chache baadaye, katika muda wa nyongeza, huyo huyo alipiga teke lililowapa North Queensland Cowboys ubingwa kwa 17 kwa 16.

Huka Mzee:
Mnabishana kana kwamba macho ni kipaji na miguu ni bidii. Cameron Smith hakuwa na kasi wala umbo la kutisha, lakini alicheza mechi 430 za NRL kwa sababu alijua safu ya ulinzi ingefanya nini kabla yenyewe haijajua. Sehemu kubwa ya kujua huko hutokana na kuona hali ile ile mara nyingi mno. Huyo kijana wako wa pili anayesita huenda si mzito wa akili hata kidogo. Huenda mazoezi yenu yanamfundisha kukaba na kupiga mateke peke yake, bila mlinzi mbele yake wa kumlazimisha achague.

Ushauri wangu ni huu. Wachoshe wote wawili kwa zoezi la kukaba na kunyanyuka, kisha papo hapo wape mpira, washambuliaji watatu dhidi ya walinzi wawili, bila kuwaambia walinzi watakuja kwa mtindo gani. Rudia kwa wiki kadhaa. Usihesabu trai. Angalia nani anafanya uamuzi bora kuliko wiki iliyotangulia, na nani anainuka kumfuata mwenye mpira baada ya kupasia. Na kumbuka kuna jezi namba 6 pia, ya mwenza wa hafubeki, na namba 1, ya fulubeki. Mwenye macho ya upenyo anaweza kucheza nje kidogo, akapewa mpira mahali penye nafasi, huku mwenzake akiongoza timu na kupanga mateke.

Kocha Chipukizi:
Nashukuruni sana. Nimetazama fomu za usajili: wa kwanza ni wa mwezi Januari, wa pili ni wa Novemba, jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Nitalianza zoezi la Huka Mzee wiki hii, na mechi za kirafiki nitamjaribu wa kwanza kwenye namba 6. Bado nina wasiwasi na baba yake, anayeamini kwamba mwanawe akitolewa kwenye namba 7 ameshushwa cheo.

Mkabaji Mstaafu:
Baba yake mwalike mazoezini, umpe kazi ya kuandika idadi ya mara ambazo mwanawe anafuatilia teke lake mwenyewe hadi mwisho. Karatasi hiyo aende nayo nyumbani.