Marafiki wamenialika Dragon Con Atlanta wikiendi ya Leba Dei, niende au niache?

mtoto_wa_nyarugusu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, naombeni ushauri. Nipo Clarkston hapa Georgia, nafanya kazi ghala moja zamu ya usiku, na pale kazini nina marafiki watatu, mmoja Mmarekani mweusi, mmoja Mnepali na mwingine dada wa Eritrea, wote wanaumwa filamu na vitabu vya saifai, hadithi za kubuni za kisayansi, yani ukigusia roboti au anga za juu hata chakula wanakiacha. Sasa wanataka safari hii twende wote Dragon Con, ule mkusanyiko mkubwa wa mashabiki wa saifai ambapo wengi huvaa kama wahusika wa filamu, tuchange hela tulale hotelini mjini kabisa kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu yenyewe ya Leba Dei, sikukuu ya wafanyakazi huku.

Mimi saifai naipenda toka utotoni. Kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Tanzania, tulikuwa tunalipa hela kidogo tunaingia banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, jenereta inanguruma nje, Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, anaziweka kwa Kiswahili, unaona vyuma vinatembea na watu wa nyota nyingine wanaongea Kiswahili cha mtaani kabisa. Mpaka leo nikiangalia filamu za hivyo kwa Kiingereza naona zimepungukiwa kitu. Kwahiyo kupenda napenda, ila nina wasiwasi na hela, sina vazi la kuigiza, Jumapili naimba kwaya, halafu shangazi ninayekaa naye anasema mtu mzima kujipaka rangi ya kijani usoni ni utoto. Na je sitakuwa Mwafrika peke yangu humo ndani? Waliowahi kwenda nielezeni ukweli.

dada_wa_decatur

Mdogo wangu nenda. Mimi naenda na mashoga zangu na nikikosa roho inaniuma wiki nzima.

Tuanze na chumba maana hapo ndo urafiki unavunjikia. Hoteli kuu ni Hyatt, Marriott Marquis, Hilton, Westin na ile Courtland Grand iliyokuwa Sheraton zamani, zote downtown, na vyumba vinaisha karibu mwaka mzima kabla. Kwahiyo kama wenzako wanasema chumba kipo waulize kipo kwa jina la nani, vitanda vingapi, nani analala chini, na hela inatolewa lini, na muulizane mapema kabla mtu hajachukua likizo. Mkikosa chumba wala usilie, wewe upo Clarkston, panda basi mpaka stesheni ya Indian Creek, shika treni ya bluu, shuka Five Points ubadilishe nyekundu au ya dhahabu, kituo kinachofuata ni Peachtree Center na ukipanda zile ngazi za umeme ndefuuu unatokea katikati ya shughuli. Ila usiku wa manane treni hakuna na utamu wenyewe uko usiku, ndo maana watu wanapigania vyumba.

Beji, yani kadi ya kuingilia, nunua mapema, bei inapanda kadiri siku zinavyokaribia. Ukishakuwa nayo paneli zote, yani mazungumzo ya jukwaani mbele ya watu, ni bure hata za waigizaji wakubwa, kinacholipiwa ni saini na picha nao, na hapo kila msanii ana bei yake.

Sasa kitu ambacho wengi hawakuambii. Ratiba ina vitengo zaidi ya 30, kuna vitabu, kuna anga na sayansi yenyewe ya kweli, kuna katuni za Kijapani, kuna kutengeneza mavazi, na vyote vinaenda kwa wakati mmoja karibu usiku na mchana. Ukitaka kuona vyote utashinda unakimbia kwenye madaraja ya vioo kati ya Hilton, Marriott na Hyatt na usione hata kimoja. Sisi tunachagua viwili kwa siku ambavyo tukikosa tutaumia kweli, basi, vingine vikija vije. Na sio lazima mtembee wote wanne kama kumbikumbi, kila mtu afuate anachokipenda halafu mkutane kula, pale stori zinanoga maana kila mmoja katoka na lake.

Foleni za paneli kubwa zinazunguka jengo kwa nje, na Atlanta mwisho wa Agosti unaijua jua lake, beba maji na kofia. Lakini foleni usiichukie. Mimi marafiki zangu wa kudumu wa kule nimewapatia kwenye foleni, unasimama na mtu saa nzima mnabishana kama chombo cha anga kikienda kasi karibu na ya mwanga muda ndani yake unaenda polepole au la, kufika mlangoni mshapeana namba.

Bujumbura_kaskazini

Mimi naona tofauti kidogo. Kama hela inabana kwanini usianze na gwaride la Dragon Con? Jumamosi asubuhi saa nne linapita Peachtree Street, ni bure kabisa, hata shangazi na watoto wanakuja wanaona mavazi yote wanarudi nyumbani. Nina familia na sisi kwetu linatosha. Hela ya hoteli ya siku zile kwa mtu wa ghala ni kodi ya nyumba.

dada_wa_decatur

@Bujumbura_kaskazini kaka kwa familia nakuunga mkono asilimia mia, watoto wanafurahi sana. Ila huyu kaalikwa na marafiki, na gwaride ni kuangalia watu wanapita. Ndani ndo unakaa nao. Ukiingia Marriott saa tano usiku ukasimama chini ukaangalia juu, ghorofa zaidi ya 40 zimezunguka uwazi mmoja, lifti za vioo zinapanda na kushuka, huku chini maelfu ya watu wamevaa kila kiumbe unachokijua na usichokijua, na hakuna anayemcheka mwenzake... hicho kwenye gwaride hukipati. Achange na wenzake watu wanne, inapungua.

fundi_charahani

Kuhusu vazi. Kwanza sio lazima, wengi wanaenda na fulana na jinzi na hakuna anayewauliza. Pili ukitaka, usinunue yale ya plastiki ya dukani, wewe una kitenge. Hapo Clarkston mafundi wapo wazuri, mpe kitenge kizito akushonee koti la nahodha wa chombo cha anga, kola ndefu, mabega yamekaa sawa, vifungo vya shaba, utapigwa picha mpaka uchoke. Mimi nimeshona moja la hivyo, nikaweka taa ndogo za betri ndani ya pindo, mwenye nalo alisimamishwa kila hatua na watu wakitaka kujua limeshonwaje. Na pale ndo utaona hawa watu wanaheshimu kazi ya mikono, watakaa na wewe sakafuni wanakuonyesha walivyochonga sponji ikaonekana chuma.

Mambo mawili tu. Silaha ya kweli usibebe, ya kuigiza itakaguliwa. Na picha omba kwanza, vazi hata liwe wazi vipi halimaanishi mtu kakuruhusu umguse, wako wakali sana kwenye hilo na wanafanya vizuri.

mkenya_glasgow

Niaje wasee. Atlanta sijafika ila 2024 Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa saifai, ilikuja huku Glasgow, Uskoti, tarehe 8 mpaka 12 Agosti pale ukumbi wa SEC kando ya mto Clyde, na tulienda na mabeshte wangu wa chuo. Hiyo ni tofauti kidogo, ni ya zamani sana, ilianza New York 1939, na inaendeshwa na mashabiki wenyewe bila mshahara. Hununui tiketi, unakuwa mwanachama, na mwanachama anapiga kura ya Tuzo za Hugo. Hebu fikiria, mtoto amekulia kwa video za DJ Afro, yule mtafsiri wa filamu wa Kenya, anapiga kura kuchagua kitabu bora cha saifai duniani, mimi nilisikia fahari bana.

Hiyo swali ya kuwa Mwafrika peke yako, kusema ukweli Glasgow tulikuwa wachache. Lakini Atlanta ni mji wa watu weusi, si utawaona wengi. Na hizi hadithi ni zetu pia. Mwandishi Nnedi Okorafor wazazi wake ni Wanigeria na alishinda Hugo 2016, N. K. Jemisin, mwandishi Mmarekani mweusi, akashinda ya riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, hakuna mtu alikuwa amewahi. Na hapo kwetu Kenya Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya saifai 2009 ikafika Sundance, tamasha kubwa la filamu huko Marekani. Ukiingia kwa paneli ya vitabu inua mkono uongee juu ya hiyo banda umiza yako na mtafsiri, nakuhakikishia watu watakuuliza maswali hadi nje ya mlango.

mtoto_wa_nyarugusu

Wakuu nimesoma zote, asanteni sana. Nimeongea na wenzangu chumba kipo Hilton kwa jina la yule Mmarekani, vitanda viwili, tumekubaliana kulipa kidogo kidogo kila mshahara. Kitenge nimeshachagua, shangazi mwenyewe kakitoa sandukuni kwake baada ya kumwonyesha picha za mavazi. Bado kwaya tu, na afya, maana nasikia watu wanarudi wanaumwa?

dada_wa_decatur

Jumapili asubuhi ndo muda umetulia, wengi wamelala, nenda kaimbe urudi mchana utawakuta wanakunywa kahawa.

Kuumwa ni kweli, mafua ya baada ya konvensheni yapo, watu wengi kwenye vyumba vilivyofungwa. Mashabiki wana kanuni yao, kila siku lala angalau masaa matano, kula milo miwili, oga mara moja, na mimi naongeza barakoa kwenye lifti. Kula chini pale Peachtree Center, fudi koti ni bei nafuu kuliko mgahawa wa hoteli, au pika wali na maharage nyumbani mbebe kwenye boksi la baridi.

Na kama afya inaruhusu ulizia wanapochangia damu, ni desturi ya mashabiki wa saifai toka mwandishi Robert Heinlein aanze kuhimiza uchangiaji kwenye Worldcon ya Kansas City mwaka 1976. Sisi tunaenda Ijumaa kabla miguu haijachoka, ukitaka ungana nasi, nitumie ujumbe inbox nikuunganishe kwenye grupu.