Mwanangu anafuga chura kwenye ndoo, siku ya nne hajala kitu. Naombeni ushauri

MamaIdi
Habari za jioni wakuu. Niko Morogoro, nyumba ya kupanga, uwani tuko wapangaji wanne. Jumapili usiku, baada ya ile mvua kubwa, mwanangu Idi wa darasa la pili alimkuta chura chini ya taa ya barazani akambeba kwa mikono mpaka ndani. Ni wale wa nchi kavu, mkubwa kama ngumi yangu, rangi ya udongo, mabaka meusi, mgongo vipelevipele. Kamweka kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha, maji ya bomba yanamfika kifuani.

Shida yangu ni kwamba hali. Tumempa wali, dagaa, hata kipande cha nyama. Hagusi. Halafu mama mwenye nyumba anasema chura ndani ni mikosi, nimwage chumvi aondoke. Jirani naye anasema mtoto ataota chunjua. Na nina mtoto mwingine wa mwaka mmoja na nusu anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Ningekuwa nimeshamtoa. Ila baba yake Idi amehamishiwa kazini Songea tangu Januari, na mtoto amekuwa mkimya mno. Huyu chura ndiye kitu cha kwanza kumwona anakifurahia. Anaamka kabla ya adhana kwenda kumchungulia. Nifanyeje?

Mto_Ngerengere
Dada, pole. Mtoe kwenye hayo maji usiku huuhuu, usingoje asubuhi. Chura wa nchi kavu si samaki. Kwenye ndoo yenye kuta za kuteleza anaogelea mpaka anachoka, akichoka anazama. Isitoshe, chura hanywi kwa mdomo, anafyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Chochote kilichomo kwenye hayo maji kinaingia mwilini mwake: dawa ya bomba, mabaki ya rangi, sabuni iliyobaki mikononi mwa mtoto.

Chukua beseni pana, weka udongo wa bustani usio na mbolea wala dawa, unyevunyevu tu kama wa kupandia mchicha. Weka gae la chungu ajifiche chini yake. Maji yawe kwenye kifuniko cha ndoo, yasizidi kina cha vidole viwili. Ya mvua ndiyo bora. Kama ni ya bomba, yaache wazi siku nzima kwenye chombo kipana kwanza. Funika kwa chandarua kikuukuu ukikaze kwa mpira, weka kivulini.

Kuhusu chakula, hajagoma. Jicho la chura linatafuta kinachotembea, dagaa aliyelala mbele yake kwake ni sawa na jiwe. Mpe nyenje, panzi, mchwa, nyungunyungu, wasiozidi upana wa kati ya macho yake mawili. Mende pia anakula, lakini kama nyumba imepulizwa dawa, asipewe hata mmoja.

Bibi wa Mlali
Mwanangu MamaIdi, mimi nimelelewa kwamba chura akiingia ndani si heri, na sitasema uongo kwamba nimeacha kuogopa. Mtoe kwa upole tu. Lakini chumvi usimwage. Niliwahi kuona ikimwagwa kwa chura nikiwa msichana, na yule mnyama alivyojikunja sijasahau mpaka leo.

Mto_Ngerengere
Shikamoo bibi. Umesema kweli. Ngozi inayofyonza maji ndiyo hiyohiyo ambayo kupitia kwake chumvi inayanyonya maji ya chura kutoka mwilini. Anakufa polepole kwa kukaukiwa. Mama mwenye nyumba aelezwe hivyo, pengine hajui.

Nasoma_SUA
Nigusie afya, maana hapo pana mambo mawili yamechanganywa.

Chunjua haitokani na chura. Inaletwa na kirusi cha binadamu, mtu kwa mtu. Vile vipele vya chura ni ngozi yake ya kawaida. Na yale maji anayomwaga ukimshika ni mkojo, anafanya hivyo akiogopa, hayana sumu.

Sumu anayo kweli, lakini iko kwingine. Mtazame nyuma ya macho utaona matezi mawili marefu yaliyovimba. Akibanwa sana au akiumwa na mnyama, yanatoa utomvu mweupe kama maziwa. Mkononi kwenye ngozi nzima kwa kawaida haudhuru, ila ukiingia machoni au mdomoni ni hatari. Idi asimminye, asijifikiche macho, na kila akimshika anawe kwa sabuni. Kabla ya kumshika alowanishe mikono kwa maji matupu na asuuze sabuni yote.

Huyo mdogo ndiye ninayemhofia zaidi. Vyura hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa, na kwa mtoto wa umri huo kuhara kunaweza kuwa kukali. Beseni lisikae jikoni, lisikae sakafuni anapotambaa, na maji yake yasimwagwe kwenye sinki la vyombo. Kama nyumba ni chumba na sebule, kwa kweli ningesema chura asilale ndani.

Fundi Bomba
Wenye mbwa msome hapa. Mbwa wangu alimng'ata chura wa aina hiyo usiku mmoja wa masika. Ndani ya dakika chache povu linamtoka, anatikisa kichwa, miguu inamlegea. Daktari wa mifugo kwenye simu aliniambia nimwoshe mdomo kwa maji mengi, kichwa kikiwa kimeelekea chini asiyameze, kisha nimpeleke haraka. Alipona. MamaIdi, kama uwani kwenu kuna mbwa, hilo nalo liangalie.

Udzungwa Kwetu
Naomba niseme neno kwa uzito kidogo. Ukiamua kumwachia, usimpeleke mtoni wala kwenye bwawa la Mindu ukidhani unamfanyia hisani. Mwachie palepale alipookotwa.

Sisi wa huku tunawajua vyura wa Kihansi, wale ambao mtu mzima wake hafiki sentimita 3 na hawatagi mayai, wanazaa. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, dunia nzima hawapo pengine. Bwawa la umeme likapunguza maji, na mwaka 2003 wakapukutika. Walikutwa na kuvu wa ngozi anayeua vyura. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Walionusurika ni kizazi cha vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Kuvu huyo anasafiri na maji, tope na vyura wenyewe. Chura mmoja anayehamishwa na mtoto mwenye nia njema anaweza kubeba asichokijua mtu.

Na kukamata wanyama wa porini kuwafuga kuna sheria zake. Ukitaka kukaa naye muda mrefu, uliza kwanza ofisi ya maliasili ya wilaya.

Kilosa_Mjini
Mimi nilikaa na mmoja karibu miaka miwili nikiwa mwanafunzi, naye alinizoea kiasi cha kutoka kwenye gae akisikia nafungua mlango. Kwa hiyo inawezekana. Lakini kazi ni ya kila jioni: kutafuta wadudu hai, kubadilisha maji, kutoa kinyesi. Kiangazi wadudu wanakuwa adimu, unahangaika na tochi majanini.

Njia niliyoipenda zaidi niliijua baadaye. Mfugeni bila kumfungia. Tegeni chungu kilichovunjika kivulini, kilalie ubavu, ndani udongo mbichi, pembeni kisosi cha maji. Taa ya nje ikiwaka, wadudu wanakuja, na chura anawafuata mwenyewe.

MamaIdi
Narudi na mrejesho. Asanteni sana, na bibi, shikamoo.

Usiku ule nilimhamishia kwenye beseni kama nilivyoelekezwa. Idi akakamata nyenje nyuma ya choo. Tulikaa tukimwangalia kwa tochi. Chura aliinamisha kichwa, kidole kimoja cha mguu wa nyuma kikawa kinatetema, mara ulimi ukatoka na kurudi, nyenje hayupo. Alipokuwa anameza, macho yake yalizama ndani ya kichwa kama anasukuma chakula nayo. Sikuwahi kuona kitu kama kile.

Nilimweleza Idi habari ya mdogo wake na ile ya kuvu. Alilia, sitaficha. Kesho yake tulimtegea chungu chini ya mpapai, hatua kama kumi kutoka barazani. Mama mwenye nyumba amekubali, sharti lake asiingie ndani. Usiku wa kwanza hakuonekana na mtoto alilala amenuna. Jana saa mbili usiku kumbikumbi walijaa kwenye taa, na yeye alikuwa pale ukutani, anaokota mmoja mmoja. Idi aliomba simu ampigie baba yake. Wameongea dakika ishirini na mbili, habari ni chura tu.

Maswali mawili yamebaki. Kwa nini halii usiku kama wengine? Na kiangazi kikija atabaki?

Nasoma_SUA
Wanaolia ni madume, wanaita majike. Kwa ukubwa huo uliousema, huyo yaelekea ni jike. Kiangazi atajichimbia au atajibana penye unyevu, mnaweza kukaa wiki nyingi bila kumwona. Kisosi msikikaushe. Na mwambie Idi asifukue chungu kumtafuta.