Apdeti imeua menyu ya pesa, mtandao unanirusha kwa kampuni iliyotengeneza simu, kampuni inanirudisha kwa mtandao. Nani hasa wa kumbana?

wakala_barabara12
Wakuu za asubuhi, samahanini kwa uzi mrefu ila nimechoka. Mi nina kibanda cha uwakala hapa Ngamiani, simu nilichukua kwa mkopo kwenye duka la mtandao wenyewe, ile ukiwasha linakuja nembo lao kwanza. Haikuwa na shida yoyote. Jumatano usiku ikaniletea apdeti nikabonyeza nikalala. Asubuhi anakuja mama wa dagaa anataka kutuma hela Pangani, napiga menyu naletewa "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI". Narudia, hivyo hivyo. Nazima nawasha, inakubali mara moja halafu inagoma tena, na foleni ndo inakua, mama wa watu ananiangalia kama mi ndo nimekula hela yake.

Nikaenda dukani kwao. Dada wa kaunta ananiuliza umejaribu kuzima na kuwasha, jamani, nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu. Mwisho akasema hilo ni la waliotengeneza simu. Nikapanda bajaji kwa mafundi wa kampuni ya simu, kijana akaangalia akaniambia hii ina programu ya mtandao sisi haturuhusiwi kuigusa, rudi kwao. Nikarudi kwao, wamefunga.

Swali langu, apdeti mbovu ikishaingia nani anawajibika? Na mtu wa kawaida anabana vipi watu hawa? Nawasilisha.

sahare_kwetu
Kwanza pole. Pili wakala gani anapigia menyu kwenye simu janja, kitochi chako kiko wapi?? 😂

wakala_barabara12
Kitochi kilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea mihogo wiki ya jana, we cheka tu.

fundi_makorora
Dada wakala fanya hivi kwanza upate riziki, lawama baadaye. Ingia setingi, laini za simu, chagua laini ya uwakala, zima kile kitufe cha VoLTE, wengine kimeandikwa kupiga kwa 4G. Kama huna hicho kitufe badilisha aina ya mtandao weka 3G. Halafu weka hali ya ndege sekunde kumi utoe. Piga menyu uniambie.

Sababu yake ni hii, menyu za nyota na reli ni mambo ya mfumo wa zamani wa simu, GSM, zimezoea kupita 2G na 3G. Simu ikiwa kwenye 4G ukapiga menyu, kawaida inashuka chini yenyewe inatuma halafu inapanda tena, we huoni kitu. Lakini VoLTE ikiwashwa simu inaweza kuanza kujaribu kuipitisha huko huko 4G, sasa mtandao kama haujajipanga vizuri upande wake ndo unaletewa hiyo MMI. Na nani anaamua VoLTE iwake au isiwake kwenye simu? Kuna faili dogo la setingi za mtandao ndani ya programu, kila mtandao na lake. Kwaiyo mi naona apdeti yako ilikuja na hilo faili jipya likawasha kitu ambacho zamani kilikuwa kimezimwa. Kampuni ya simu ndo inapika, ila chumvi anasema mtandao, hasa kwa simu yenye nembo lao.

Halafu usimpe mtu aiflashi, yaani afute programu ya simu aweke nyingine!! Simu ya mkopo ina kufuli la mkopo ndani, ukiflashi inaweza kugeuka tofali, na hawa vijana wa mtaani wakiflashi vibaya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, inapotea, wakikuchomekea nyingine hilo ni kosa kabisa, sheria ya mawasiliano, EPOCA, ya 2010 inakataza kubadilisha IMEI. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, watu walivyoshika vichwa.

wakala_barabara12
Fundi Mungu akuzidishie, nimezima VoLTE menyu imerudi!! Sasa hivi nimetoa huduma watu sita mfululizo. Ila nimegundua nikipigiwa simu intaneti inakata mpaka nikate, zamani haikuwa hivyo.

fundi_makorora
Hapo ndo bei yake, bila VoLTE simu ikipigwa inashuka 3G au hata 2G, intaneti inapoa au inakufa kabisa. Hicho ni kiraka tu, dawa ni apdeti nyingine.

chumbageni_boy
Mi siku zote nasema apdeti ni za kujaza simu na kuifanya nzito ununue nyingine. Tangu 2021 sijaapdeti na simu yangu iko fresh. Zimeni hizo vitu.

fundi_makorora
Fresh kwa macho. 2015 mwezi wa saba kulitoka habari ya Stagefright, hitilafu ya Android, simu zilizokadiriwa kuwa na tatizo zilikuwa kama milioni 950, mtu anakutumia MMS tu, ujumbe wa picha au video, hata hujaifungua, anaweza kuingia. Kuanzia mwezi wa nane mwaka ule ndo Google wakaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Shida si kiraka kutengenezwa, kinatengenezwa, shida ni safari yake mpaka kukufikia Chumbageni. Kinatoka Google, kinaenda kwa wenye chipu, MediaTek au Qualcomm au Unisoc, kinaenda kampuni ya simu, na kama simu ni ya mtandao kinakaa tena kwa mtandao wakipime. Kila kituo kina foleni yake. Ingia setingi, kuhusu simu, angalia tarehe ya kiraka cha usalama halafu urudi hapa utuambie.

chumbageni_boy
...Machi 2021. Haya nimenyamaza.

pangani_msafirini
Mi yangu kinyume, nalilia apdeti haziji. Nimenunua Samsung used imetoka Marekani, model inaishia na U, ikiwaka inaleta nembo la mtandao wa huko. Kila nikitafuta apdeti inaniambia iko sawa wakati wenzangu wenye ile ile ya kimataifa wameshapata mara tatu. Muuzaji kaniambia eti subiri. Nasubiri nini, laini ya Mmarekani?

fundi_makorora
Kaka umesema kwa utani ila karibu ndo hivyo. Baadhi ya simu za mitandao ya kule apdeti inashuka kama ndani kuna laini ya mtandao wao, ukiweka laini ya huku inakaa kimya. Mwenye iPhone hana hiyo habari, Apple anatuma mwenyewe moja kwa moja kwa wote. Siku nyingine ukinunua used waza nembo, hata kama ni bei chee.

mzee_wa_raskazone
Mwanangu wakala, uliuliza namna ya kuwabana na hakuna aliyekujibu, wamekimbilia vitufe tu.

Usidhani ni Tanga peke yake. Huko Marekani Aprili 2013 shirika la haki za raia, ACLU, walipeleka malalamiko kwa tume ya biashara ya serikali, FTC, wakiitaja mitandao ya AT&T, Verizon, Sprint na T-Mobile. Hoja yao ilikuwa kwamba mnawauzia watu simu za Android kwa mikataba ya miaka miwili halafu viraka hamwapelekei wala hamwambii kwamba simu ina tundu. Mei 2016 FTC ikawataka watengenezaji wanane waeleze viraka vinatolewaje, na wenzao wa mawasiliano, FCC, wakaiandikia mitandao. Na mwisho wa mwaka ule ule ikatokea ile Galaxy Note 7 ya kuwaka moto, Samsung wakatoa apdeti ya kuizuia isichaji kabisa ili watu wairudishe, Verizon wakasema hawatashiriki kwanza kwa sababu ni sikukuu na watu wako safarini wanahitaji simu, wakaja kuiachia Januari 2017. Hapo utaona mkono uko wapi. Mtu akikwambia mtandao hauna lake kwenye apdeti mkumbushe hiyo.

Sasa wewe. Usiende tena kaunta kwa mdomo, maneno ya kaunta hayana mguu. Andika barua au imeli kwa mtoa huduma, eleza model, toleo la programu lilivyo neno kwa neno, tarehe ya apdeti, ujumbe wa kosa, na kwamba ukizima VoLTE menyu inafanya kazi, hilo la fundi ni ushahidi mzuri sana. Dai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, usitoke bila hiyo. Wasipokujibu ya maana ndo unapeleka TCRA, maana watakuuliza kama ulianza kwa mtoa huduma. Na lipo Baraza la Watumiaji, TCRA-CCC, limeundwa kwa sheria ya TCRA ya 2003 kwa ajili ya watu kama wewe. Tena usiende peke yako, mawakala wangapi wana simu hiyo hiyo?

wakala_barabara12
Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Kwa mkopo huu huu nawajua wanne barabara hii tu, na mmoja Mabanda ya Papa.

mzee_wa_raskazone
Marahaba. Wanne wanatosha kuanzia.

sahare_kwetu
Na mkopo usisimamishe dada hata kama una hasira, wakifunga simu utakosa hata ushahidi wa kuwaonyesha.

wakala_barabara12
Nalipa kila siku, kufuli lao halijawahi kuwa na hitilafu hata siku moja 😒

Mrejesho wakuu. Tumeandika barua moja tumesaini sita, tumeambatanisha picha za skrini, jana nimeipeleka na nimetoka na namba ya kumbukumbu. Dada wa kaunta kwanza alitaka kuniuliza kama nimezima na kuwasha, alipoona saini sita akamwita msimamizi. Leo mchana nimepigiwa na mtu wa ufundi, huyu angalau anajua, kaniuliza toleo la programu nikamsomea herufi na namba zote mpaka pumzi zikaniishia, tukalinganisha na za wenzangu, ni lile lile. Kasema wamelipokea na wanalipeleka kwa watengenezaji ila hakunipa tarehe. Nimemwambia nampa wiki mbili halafu naenda TCRA, akasema sawa mama.

Mwenye simu ya hivi maeneo ya Pongwe, Muheza au Pangani na menyu inamgomea aje PM na namba ya toleo lake, orodha bado iko wazi. Na kitochi nimenunua kingine.