Naomba ushauri: nyumba mpya za halmashauri, tudai kiwango gani?
Wakuu habari zenu, mwenzenu niko huku Uingereza, halmashauri yetu inataka kujenga nyumba mpya za kupangisha na mimi wamenivuta kwenye kamati ya wapangaji, sasa tunaulizwa wajenge kawaida tu kwa kufuata sheria halafu waweke sola juu, au waende na Passivhaus kabisa, kile kiwango cha kujenga nyumba isiyovujisha joto, ambayo umeme au gesi ya kupasha joto inakuwa kidogo sana, kama kWh 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Norwich waliweza pale Goldsmith Street, nyumba zaidi ya 100, na 2019 zikabeba Stirling Prize, tuzo kubwa ya usanifu majengo huku, kwa hiyo asiniambie mtu haiwezekani.

Kinachonisumbua ni ile mashine ya kuingiza hewa safi, maana nyumba za Passivhaus zinazibwa sana, filta yake anabadilisha nani, mpangaji au halmashauri? Maana watu tunajuana, ikinguruma tu usiku mtu anaizima, baada ya hapo ukungu mweusi kwenye kona za bafu. Na majira ya joto je, si tutachemka humo ndani? Aliyewahi kuishi humo au fundi aliyejenga anisaidie, tudai nini kiandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi kabla hawajachimba msingi?