Faili la weva limerudishwa, kliniki iko ng'ambo ya HPSA

Kutoka: Binti wa Mwanga

Shikamooni wakubwa.

Naomba msaada wa haraka. Niko mwaka wa tatu wa rezidensi ya magonjwa ya ndani, kwa viza ya J-1 (inayotaka urudi nyumbani miaka miwili ukimaliza, isipokuwa upate weva, yaani msamaha), na DS-2019 yangu, karatasi ya viza hiyo, inaisha 30 Juni. Nimepata kazi kwenye kliniki ya mji mdogo, mkataba wa miaka mitatu, saa 40 kwa wiki. Mwajiri alipeleka jimboni faili la Conrad, programu ya jimbo kuombea weva madaktari wanaokwenda maeneo yenye upungufu, wiki ileile dirisha lilipofunguliwa. Leo limerudi.

Sababu mbili. Mkataba una kile kifungu cha kunizuia kufanya kazi jirani na hapo nikiondoka, na Conrad hawakitaki. Hicho wakili anasema anakifuta leo hii. La pili ndilo limeninyima usingizi: anwani ya kliniki haimo ndani ya HPSA, yaani eneo lililotangazwa rasmi kuwa na upungufu wa wahudumu wa afya. Nimefungua ramani mwenyewe. Mpaka unapita katikati ya barabara. Kituo cha mafuta ambapo tunanunua kahawa kimo. Kliniki, hatua kama arobaini kutoka kwenye pampu, haimo. Na wagonjwa karibu wote wanatoka upande wa pampu!

Swali langu ni moja tu: faili likirudishwa ukalirekebisha, unabaki na nafasi yako kwenye foleni au unarudi mkiani? Nafasi ni 30 kwa jimbo kwa mwaka na nasikia zimeshaanza kuisha. Ofisini simu haipokelewi, imeili inajijibu yenyewe.

---

Kutoka: Mzee Kilwa, Houston

Marahaba mwanangu. Usihangaike na majimbo. Andika ubalozini Washington wakupe barua ya kwamba serikali haina pingamizi, iende Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa, basi. Kijana wangu alifanya hivyo, miezi minne akawa amemaliza.

---

Kutoka: Dokta wa Baridi (Dakota Kaskazini)

Mzee wangu, kwa heshima zote, kijana wako alikuwa J-1 ya nini? Kama sikosei alikuja kwa utafiti chuoni. Daktari aliyekuja kwa rezidensi HAPATI weva kwa barua ya ubalozi. Sheria imeifunga hiyo njia. Tusimpotezee binti wa watu muda.

Binti, pole. Mimi nilipita Conrad mwaka ule theluji ilipofukia gari langu siku tatu. Programu yenyewe ina jina la seneta wa huku kwetu, Kent Conrad, ilianza 1994 na nafasi 20 kwa kila jimbo, baadaye zikawa 30. Huku zilikuwa hazijai. Niko mji wenye taa moja ya barabarani. Juzi niko dukani nachagua njegere za barafu, mzee mmoja akapandisha suruali hapohapo: "Dokta, huu uvimbe vipi?" Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nikamwambia aje kesho asubuhi na dawa zake zote. Moyo. Alikuwa ameacha ile ya kukojoa kwa sababu inamsumbua akiwa kwenye trekta.

Kwa hiyo ushauri: tafuta jimbo lenye baridi.

---

Kutoka: Wa Nakuru

Daktari, pole sana. Hiyo ya ramani si mpya. Yangu ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Mimi nilisaini kama hospitalisti, daktari wa wodini tu, nikidhani magonjwa ya ndani ni magonjwa ya ndani tu. Kumbe jimbo langu linapanga: kwanza madaktari wa kliniki ya kawaida, halafu sisi wa wodini, kama kuna kitu kimebaki. Nikakaa kwa foleni hadi Machi, nikienda kazi usiku na kuamka mchana kuangalia imeili. Nilikonda.

Lakini kuna dawa yako. Katika zile 30, jimbo linaruhusiwa kutoa 10 za fleksi, kwa kliniki ambayo iko nje ya HPSA lakini wagonjwa wake wanatoka ndani. Mwambie mwajiri atoe orodha ya misimbo ya posta ya wagonjwa, bila majina. Kama wengi wanatoka upande wa petroli, hapo una kesi. Ama muende DRA, ile mamlaka ya bonde la Mississippi ambayo nayo inaombea madaktari weva, hao hawana mambo ya nafasi 30.

---

Kutoka: Mama Wawili, Memphis

Wa Nakuru, DRA ni majimbo manane tu ya bonde la Mississippi, na hata hao wanataka kliniki iwe kwenye eneo la upungufu. Mpaka wa barabara hauondoki kwa kubadilisha ofisi. Naomba tusome kabla ya kuandika.

Hiyo ya fleksi uko sahihi, ingawa kuna majimbo ambayo hayazitoi mapema. Binti, umeangalia MUA, yale maeneo yaliyotangazwa kuwa na huduma duni za afya? Watu wanakwama kwenye HPSA wanasahau kwamba Conrad inakubali na MUA. Mipaka yake haifanani.

Step 3, ule mtihani wa mwisho wa leseni, umemaliza? Bila huo H-1B, viza ya kazi, hakuna, hata weva ikitoka.

---

Kutoka: Binti wa Mwanga

Asante dada. Step 3 nilimaliza mwaka wa kwanza. MUA naangalia usiku huu, niko zamu. Lakini foleni, jamani, foleni?

---

Kutoka: Bwana Mdogo, Columbus

Kwani haraka ya nini? Omba ECFMG, wadhamini wa J-1 yako, wakuongezee DS-2019 kwa ajili ya mtihani wa bodi. Ule wa ABIM, bodi ya magonjwa ya ndani, ni Agosti. Unapata muda wa kupumua.

---

Kutoka: Mama Wawili, Memphis

Bwana Mdogo, Wizara ya Mambo ya Nje ikishapendekeza weva, J-1 haiongezwi tena. Ukikosea mpangilio unajikuta huna J-1 na H-1B haijatoka. Namjua aliyekaa wiki tisa bila mshahara na kodi ya nyumba inadai. Usimpe mtu mawazo kama hukuyapitia.

---

Kutoka: Bwana Mdogo, Columbus

Nilisema aombe KABLA. Haya, nimenyamaza.

Ila mnaongea H-1B kama mchezo. Lile tangazo la Septemba 2025, dola 100,000 kwa ombi jipya? Kliniki ya taa moja itazitoa wapi?

---

Kutoka: Dokta wa Baridi

USCIS, idara ya uhamiaji, walifafanua Oktoba: anayebadili hadhi akiwa ndani ya nchi haimgusi. Inamgusa aliye nje. Maana yake, binti, usikanyage uwanja wa ndege mpaka H-1B itoke. Hata kwa harusi. Hata kwa msiba.

Nalisema hili kwa uchungu. Baba alizikwa Newala mimi nikiangalia kwa simu, mtandao unakatika, naona miguu ya watu na koleo. Saa moja baadaye nikaingia wodini kupitia wagonjwa.

---

Kutoka: Mzee Kilwa, Houston

Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

Mimi ninachojiuliza, hii barua ya Wizara yetu ya Afya mnayokuja nayo mkianza, inayosema nchi inahitaji bingwa huyu na kwamba ameahidi kurudi. Mnaisaini, halafu mnatafuta weva. Nyumbani watu wanalala wawili kitanda kimoja.

---

Kutoka: Wa Nakuru

Mzee, hiyo lawama si ya watoto. Kwetu 2017 madaktari waligoma siku mia, wakidai mkataba uliosainiwa 2013. Nairobi badala ya kulipa, wakaomba madaktari Dar. Magufuli akakubali kutoa 500. Korti yetu ikazuia.

---

Kutoka: Mama Wawili, Memphis

Na wale 258 wa kwetu waliokuwa wameomba kuja kwenu, Magufuli akaagiza waajiriwe nyumbani mara moja. Walikuwa mtaani na shahada zao. Kwa hiyo barua inasema nchi inawahitaji, ajira inasubiri Wakenya wagome. Mzee, usitufundishe uzalendo kutoka Houston.

---

Kutoka: Mzee Kilwa, Houston

Mimi ni mkubwa wako, bibie. Nimekuja hapa 1988 kwa scholashipu ya serikali, na nilirudi, nikafanya kazi miaka sita bila nyumba. Unanijua?

---

Kutoka: Mama Wawili, Memphis

Shikamoo baba. Yaishe.

---

Kutoka: Binti wa Mwanga

Nimetoka zamu sasa hivi. Nimeangalia ramani ya MUA: kliniki imo! Nimempigia wakili saa moja asubuhi, hajafurahi. Anasema aulize kwanza kama jimbo letu linaikubali kwa daktari wa kliniki ya kawaida.

Ila mwenye kujua la foleni bado namsubiri. Tukipeleka upya tunahesabiwa tarehe ya kwanza au ya pili?

---

Kutoka: Dokta wa Baridi

Hongera! Mimi langu halikurudishwa kwa hiyo sijui.

Wakati huohuo: kuna mtu anatoka Mwanza mwezi ujao kuja Minneapolis? Nahitaji dagaa kilo mbili, wakavu kabisa, wafungwe mifuko mitatu. Mara ya mwisho walifungwa mmoja na yule kijana alinyimwa lifti na Wasomali wenzake.