Uzi: Mliotumia prednisoloni na steroidi nyingine, tupeane uzoefu (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Mama yangu ana baridi yabisi, asubuhi vidole havikunji. Juzi kaandikiwa prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe na maumivu, na hata hatujafika nyumbani kwetu Cheyo, jirani kashamwambia hiyo dawa inamvimbisha mtu mpaka anakufa. Sasa hataki kuigusa. Naomba waliotumia wenyewe au waliouguza waseme walichokiona. Za "nilisikia" tunazo za kutosha hapa mtaani.

Mkulima_Urambo: Mimi ni pumu. Msimu wa kukausha tumbaku, moshi wa bani (banda la kukaushia) ukinikuta vibaya naishia wodini. Mara ya mwisho nilipewa vidonge nane vya miligramu 5, vyote kwa mpigo, kila asubuhi siku tano. Nikadhani nesi kakosea hesabu. Hakukosea, ndiyo dozi ya mtu mzima pumu ikibana, na kwa siku chache hivyo unaacha bila kupunguzapunguza. Kifua kiliachia. Ila usije ukanywa jioni, utakesha. Siku hizi nina pampu ya kuzuia, nayo ina steroidi lakini kidogo, kazi yake ni kwenye mapafu. Ukishavuta sukutua maji uteme, la sivyo utaota utando mweupe mdomoni.

Mama_Doto: Doto wangu alianza kuvimba macho asubuhi, tukasingizia mbu. Baadaye miguu na tumbo, mkojo una povu. Kupima, protini inavuja kwenye figo. Akaanzishwa prednisoloni kila siku kwa wiki kadhaa, kisha siku moja anakunywa, moja anaruka. Uvimbe ukaisha kabisa. Halafu uso ukajaa tena, na hapo ndipo ukoo ulipoingilia kati: ugonjwa umerudi!

Daktari alinionyesha tofauti. Uvimbe wa figo, ukibonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki. Huu wa dawa ni mashavu ya mviringo, miguu iko kawaida, na kijiti cha kupimia mkojo hakibadiliki rangi. Njaa nayo usiseme, mtoto anaamka usiku wa manane kuulizia kiporo.

Alipokwenda Sikonge kwa bibi yake, bibi akaficha dawa. Simlaumu sana, nani alimweleza? Siku chache tu mtoto kalegea, anatapika, hata kusimama hawezi. Hospitali wakatuambia juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ile inayotushikilia tukiumwa. Dawa ikitumika muda mrefu, tezi zinalala. Ukikata ghafla, mwili unabaki hauna chochote. Ndiyo maana aliyetumia zaidi ya wiki tatu hivi hushushiwa dozi taratibu.

Jingine: walipokuja shuleni na chanjo ya surua nilimwahi nesi nikamwambia mtoto yuko kwenye dozi kubwa. Akamweka pembeni, maana ile chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na dawa hii kwa dozi kubwa inashusha kinga. Na mwenzake akiugua tetekuwanga mimi siku hiyohiyo niko kwa daktari.

Binti_Isevya: Mnaongelea vidonge, mmesahau krimu. Dada yangu alinunua tyubu ya kutakatisha sokoni. Mwanzo uso laini, kila mtu anauliza anapaka nini. Baadaye vimishipa vyekundu mashavuni, chunusi, ngozi nyembamba. Alipoacha, uso uliwaka moto wiki nzima. Kwenye tyubu imeandikwa klobetasoli, ambayo ni steroidi kali, kwa herufi za kusoma kwa tochi. Na msiipake kwenye fangasi: muwasho unatulia, fangasi anatanuka.

Famasia_Kati: Mkuu, kama mama ana sukari au presha, daktari ajue kwanza, zote mbili zinaweza kupanda. Aseme pia kama aliwahi kuugua TB, maana iliyolala inaweza kuamka. Anywe asubuhi akishakula. Asichanganye na diklofenaki, ile ya maumivu, ya kununua dukani, vidonda vya tumbo viko hapo. Na zile unga za "dawa ya viungo" zinazotuliza maumivu kwa siku moja mzitilie shaka, nyingine huchanganywa na deksamethasoni, steroidi nyingine, kimyakimya. Mtu anaitumia miezi, anaacha, anaanguka, hakuna anayejua sababu. Matone ya macho yenye steroidi nayo si ya kuazimana, yanaleta presha ya macho.

Mwanzisha uzi: Nimemsomea mama yangu habari ya Doto mara mbili, kaniambia nilete hiyo dawa aione. Sukari hana. Anauliza: ataimeza mpaka lini? Na akiitapika?

Famasia_Kati: Akitapika muda huohuo baada ya kumeza, arudie. Akiendelea kutapika na ameshaitumia wiki nyingi, msisubiri kesho, aende akachomwe ya sindano. Kuhusu muda, kwa baridi yabisi mara nyingi inatolewa kushikilia maumivu wakati dawa nyingine, kama methotreksati, inasubiriwa kufanya kazi, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Siku ya kliniki muulizeni daktari kama kampangia hivyo, na ataanza kushusha lini.